Shamba Lililonunuliwa kwa Hisa: Historia ya Kijiji Kimoja cha Ushirika Nakuru

Vijiji vingi vya Kaunti ya Nakuru vilianza kama orodha ya majina katika daftari. Kila jina lilikuwa limeandikiwa kiasi cha fedha kilicholipwa, na wengi wa waliolipa walikuwa bado hawajalitia machoni shamba lenyewe. Ardhi ilikuja baadaye, nyumba zikafuata, shule ikaja mwisho. Ni mpangilio wa ajabu kidogo ukiulinganisha na Maragoli au Nyakach, huko magharibi mwa Kenya, ambako watu walikuwapo kwanza na makaratasi yakawakuta. Kijiji ninachokieleza hapa kiko nyanda za juu kati ya Njoro na Molo, na kimekuwa cha ushirika tangu siku ya kwanza. Sitakitaja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya viwanja vyake vya umma bado vinagombaniwa, nami sina hamu ya kuiona makala hii ikisomwa na wakili mbele ya hakimu. Nyanya yangu alikuwa mmoja wa memba wake, na mengi ninayoyajua niliyapata kwake na kwa wazee wa rika lake kabla hawajatutoka.

Kuna hadithi moja inayosimuliwa sana kuhusu mashamba ya namna hii, hasa na watu waliosoma uchumi. Husemwa kwamba ushirika ulishindwa, kwa sababu shamba kubwa lililokuwa likitoa ngano na maziwa lilikatwakatwa vipande, kila mtu akachukua chake, na mashine zikabaki zikiota kutu. Hadithi hiyo inachukulia kwamba watu walijiunga ili walime pamoja. Kwa kadiri ninavyoelewa, hawakujiunga kwa ajili hiyo. Walijiunga ili wanunue pamoja, na kulima pamoja kulikuwa sharti lililokuja na deni. Asiyezitenganisha nia hizo mbili hataielewa historia ya kijiji hiki wala ya jirani zake.

Nianze nyuma kidogo. Kabla ya reli, nyanda hizi zilikuwa malisho ya Wamaasai, na msitu wa Mau ulio juu yake ulikuwa makao ya Waogiek. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwishoni mwa 1901, na serikali ya kikoloni, ikitafuta mizigo ya kulipia gharama ya reli hiyo, ikaanza kuwagawia walowezi ardhi iliyo kando yake. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi haki ya kukodi mashamba kwa miaka 999, kipindi kirefu kiasi kwamba aliyekiandika bila shaka hakuwa akifikiria kuondoka. Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alichukua ardhi Njoro na kujaribu kilimo cha ngano huko, na baadaye wakulima wa kizungu wakaunda vyama vyao wenyewe. Chama cha Lumbwa, mahali panapoitwa Kipkelion leo, kilianzishwa mwaka 1908, na kiwanda cha krimu cha KCC (Kenya Co-operative Creameries) kilianza Naivasha mwaka 1925. Inafaa kulikumbuka hilo, kwa maana ushirika wa kilimo nchini Kenya ulianza ukiwa mali ya walowezi, na Waafrika hawakufunguliwa mlango kisheria kwa upana hadi sheria ya vyama vya ushirika ya 1945.

Walioifanya kazi yenyewe walikuwa maskwota. Sheria ya 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka, nao wakaruhusiwa kukaa, kulima kipande na kufuga mifugo kiasi. Familia hizo zilitoka Kiambu, Murang'a, Baringo, Kisii na Magharibi, na zingine zilizaa watoto na wajukuu katika shamba lilelile bila kuwa na haki yoyote juu yake. Tutakutana nazo tena, kwa sababu siku memba wa ushirika walipofika na risiti zao, waliwakuta watu hao tayari wamo.

Uhuru ulipokaribia, serikali ilianzisha mpango wa makazi wa ekari milioni moja, uliogharimiwa kwa mikopo na misaada kutoka Uingereza, Benki ya Dunia na Ujerumani Magharibi. Familia zipatazo 35,000 zilipewa ardhi kwa mkopo wa muda mrefu. Katika mpango huo, ushirika haukuwa wa hiari hata kidogo: kila skimu ilitakiwa kuwa na chama, mazao yakauzwa kupitia chama, na marejesho ya mkopo yakakatwa humo kabla mkulima hajaona senti. Lakini mpango huo haukufika kila mahali. Sehemu kubwa ya mashamba ya Njoro, Rongai na Molo iliachwa iuzwe kwa yeyote mwenye uwezo, na mtu mmoja wa kawaida hakuwa na uwezo huo. Waliokuwa nao walikuwa wanasiasa, wafanyabiashara na maafisa wa serikali. Mwalimu, fundi wa reli, mama muuza maharagwe na kibarua wa mkonge wangebaki watazamaji, kama wasingechanga.

Namna ya kuchanga ilikuwa suala la sheria kuliko la moyo. Ubia wa kawaida haukuruhusiwa kuzidi watu 20. Kampuni ya binafsi haikuruhusiwa kuwa na wanahisa zaidi ya 50, na ndiyo maana katika kampuni nyingi za kununua ardhi za Nakuru watu walijificha chini ya jina la mwenzao mmoja aliyeandikishwa, jambo lililozaa kesi ambazo wajukuu wao wanazirithi. Chama cha ushirika, chini ya sheria ya 1966, hakikuwa na kikomo cha juu, na kila memba alikuwa na kura moja hata kama mwenzake ana hisa kumi. Wazee wa kijiji chetu walichagua ushirika. Sina hakika kama walifanya hivyo kwa kupenda usawa. Nadhani walihesabu tu vichwa vyao wakaona hawatoshei kwenye kampuni. Hata hivyo uamuzi huo, ulioonekana wa karani tu, ndio uliotuokoa na mengi, kwa kuwa kila aliyelipa alikuwa na jina lake mwenyewe katika daftari.

Fedha zilipatikana kwa njia ambazo leo zingemchosha mtu kuzisikiliza. Nyanya aliuza ndama wawili, na salio la hisa yake ya kwanza akalilipa kwa mazao ya misimu kadhaa, akipewa risiti ndogo kila alipopeleka kitu. Alizihifadhi risiti hizo katika mkebe wa majani ya chai uliowekwa mbali na moto. Alikuwa mjane, na kwa sababu hiyo jina katika daftari likawa lake. Wanawake wengi waliouza mboga na kupika pombe ili hisa itimie waliandikwa katika majina ya waume zao, na waume walipofariki au kuoa tena, mchango wao haukuwa na mahali pa kuonyeshwa. Wako wanawake wa Nakuru walioliona tatizo hilo mapema wakaunda vikundi vyao vya kununua ardhi. Katika kijiji chetu hawakufanya hivyo, na gharama yake inaonekana hadi sasa katika ugomvi wa mirathi.

Michango ya memba ilitosha kulipia malipo ya kwanza tu. Salio lilikuwa mkopo, na mkopo ulikuwa na masharti. Maafisa wa kilimo wa wakati huo waliamini kwamba shamba kubwa likigawanywa, ngano itapotea na deni halitalipika. Imani hiyo ilifika hadi kwenye mipango ya serikali yenyewe: mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa Shirika, ambapo serikali ilinunua mashamba makubwa, ikampa kila mkazi ekari mbili na nusu za nyumba na chakula, na sehemu yote iliyobaki ikalimwa kwa pamoja chini ya meneja. Chama chetu hakikuwa ndani ya mpango huo, ila kiliishi kwa fikra ileile. Memba walipewa vipande vidogo karibu na kambi ya zamani ya wafanyakazi, na shamba lililobaki likaendelea kama lilivyokuwa enzi za mzungu: ngano, pareto, kondoo na ng'ombe wa gredi.

Miaka hiyo ndiyo ninayopenda kuiuliza zaidi, kwa sababu ndiyo iliyotengeneza kijiji, na pia ndiyo ambayo wazee waliiona kama kupotezewa wakati. Fikiria hali yenyewe. Mtu ameuza ndama wake, ameacha kibanda chake Bahati au Kakamega, amehamia kwenye ardhi anayoambiwa ni yake, kisha anaamshwa alfajiri na nyapara aende kuvuna pareto kwa ujira wa siku, katika shamba ambalo yeye ni mwenyewe. Kamati ilikuwa na gari. Meneja alikaa katika nyumba ya mawe ya mzungu, yenye dohani na bustani ya mawaridi. Gawio halikuonekana, kwa kuwa kilichopatikana kilikwenda kulipa deni, mishahara, mafuta ya trekta na vipuri vya kombaini ambayo iliharibika kila msimu wa mavuno kana kwamba imekula kiapo. Mikutano mikuu ya mwaka ilianza asubuhi na kuisha gizani, na mara nyingi kamati iliondolewa ikawekwa ya muda, kisha ya muda nayo ikang'ang'ania.

Memba walijibu kwa njia ya kimyakimya ambayo haimo katika kumbukumbu za mikutano. Walianza kupanda mahindi na viazi kwenye kingo za shamba la ngano, hatua mbili msimu huu, hatua tano msimu ujao. Ng'ombe wa watu binafsi walichanganyikana na ng'ombe wa chama malishoni, na ilishangaza jinsi ndama bora walivyokuwa wakizaliwa upande wa watu binafsi. Meneja alipoleta walinzi, walinzi wenyewe walikuwa watoto wa memba. Afisa wa ushirika kutoka mjini angeweza kuuita wizi. Nyanya yangu aliuita kukumbusha. Mimi naona ulikuwa uchumi wa aina mbili ukipigana juu ya udongo mmoja: wa deni, uliotaka zao moja la kuuzwa kwa wingi, na wa kaya, uliotaka chakula, maziwa na karo ya shule kabla ya chochote.

Wakati huohuo kulikuwa na swali la familia zilizokuwapo tangu enzi za mzungu. Baadhi ya memba walitaka ziondoke. Wengine, hasa wale waliowahi kuwa maskwota katika mashamba mengine, walikataa wakisema kwamba haiwezekani kumfanyia mtu mwingine kile walichofanyiwa wao. Baada ya mabishano marefu, familia hizo ziliruhusiwa kununua hisa kwa kukatwa ujira wao kidogokidogo. Si mashamba yote ya jirani yaliyofanya hivyo, na pale yalipokataa, uhasama ulibaki. Kwa hukumu yangu, huo ndio uamuzi bora zaidi uliowahi kufikiwa na chama chetu, ingawa haukuzalisha hata gunia moja la ngano.

Katika miaka ya 1980 mambo yalibadilika kutoka juu. Rais Moi aliagiza kampuni na vyama vya kununua ardhi vigawe mashamba na memba wapewe hati zao. Kwa wanasiasa waliokuwa wamejenga nguvu juu ya kampuni hizo, agizo lilikuwa pigo. Kwa memba wa kawaida lilikuwa ruhusa ya kufanya walichokuwa wakikitaka tangu mwanzo. Kugawa kwenyewe hakukuwa rahisi kama kunavyosikika. Ilibidi deni limalizwe au litengwe, mpimaji aajiriwe kwa michango mipya, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi itafutwe, na kabla ya kila kitu ikubaliwe hisa moja ni ekari ngapi. Shamba halikuwa sawa kila mahali. Upande wa chini ulikuwa na udongo mweusi wenye rutuba, na upande wa juu ulikuwa na miteremko na mawe. Iliamuliwa kila mtu apate namba kwa baloti: vikaratasi vilivyokunjwa vikatiwa ndani ya debe, na memba wakaitwa mmojammoja kwa kufuata daftari lile la awali. Mwenyekiti wa wakati huo aliokota namba iliyo kando ya barabara, karibu na maji, na hadi leo wapo wasioamini kwamba debe lile lilitikiswa vya kutosha.

Kabla ya baloti, sehemu zilitengwa kwa ajili ya shule, josho, zahanati, kanisa, soko na njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Ni hapa ninapoona mazao halisi ya miaka ile ya kulima pamoja. Watu waliokuwa wamekorofishana kwa miaka mingi katika mikutano walijua kwa undani maji yanatoka wapi, ng'ombe wanapita wapi wakati wa kiangazi, na barabara ipi hujaa tope mwezi wa nne. Ramani yao ilikuwa nzuri kuliko ile iliyotayarishwa na mpimaji mara ya kwanza, na walimrudisha ofisini. Mashamba yaliyogawanywa haraka na wanunuzi wasiofahamiana yana njia zinazoishia kwenye ua wa mtu na shule zilizobanwa katika pembe. Letu lina barabara pana. Hata nambari za hati zinakumbusha asili hiyo, kwa kuwa hati nyingi za mashamba ya namna hii Nakuru bado zina jina la eneo au la shamba la zamani, likifuatwa na neno Block na namba.

Hati hazikuleta amani peke yake. Tarehe 29 Oktoba 1991, vurugu zilizoenea baadaye Bonde la Ufa na Magharibi zilianzia katika shamba la Meteitei, Tinderet, ambalo nalo lilikuwa limenunuliwa kwa pamoja na watu wa makabila tofauti, na ambalo mgogoro wake ulihusu umiliki wa ardhi hiyo. Molo na Njoro ziliungua mara kadhaa katika miaka iliyofuata, na tena mwanzoni mwa 2008. Kijiji chetu kilipoteza nyumba na watu. Sitaingia kwa undani, kwa kuwa wanaopaswa kuyasimulia ni wale waliofiwa. Nitasema tu kwamba waliorudi baadaye walirudi kwa sababu majina yao yalikuwa katika daftari, na kwamba jirani waliowalindia hati wakati wa vurugu hawakuwa wa kabila moja nao.

Je, wataalamu walikuwa sahihi kuhusu ngano? Kwa ngano, ndiyo. Haivunwi kwa faida katika vipande vya ekari mbili, na Kenya leo huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayoila. Lakini hesabu haiishii hapo. Sehemu kubwa ya maziwa ya nchi hii hutolewa na wakulima wadogo wenye ng'ombe wawili au watatu, na mahali kombaini ilipokuwa ikipita pana viazi, njegere, kabichi na nyumba zenye watoto walio shuleni. Pareto ilidumu muda mrefu baada ya kugawa, kwa kuwa ni zao la mikono: maua huchumwa kila baada ya wiki mbili hivi, na kaya yenye robo ekari inaweza kulishughulikia. Ilifika mahali malipo yakawa yanachelewa kupita kiasi, na wakulima wakaing'oa wakapanda viazi. Viazi navyo vina mateso yake, hasa magunia yaliyorefushwa kwa nyavu juu ambayo madalali waliyapenda, hata baada ya kanuni za mwaka 2019 kuweka kikomo cha kilo 50.

Kinachonivutia ni kwamba, miaka mingi baada ya kila mtu kupata chake, watu walirudi kuungana kwa hiari, na kwa mambo madogo. Lipo kundi la maziwa lenye tangi la kupozea. Upo mradi wa maji unaotumia bomba lililotandazwa enzi za mzungu, lililofumuliwa na kuunganishwa upya mara nyingi. Vipo vyama vya kukopeshana vya akina mama ambavyo vina nidhamu ya fedha kuliko kamati yoyote tuliyowahi kuwa nayo. Sheria ya vyama vya ushirika ya 1997 ilipunguza mkono wa serikali katika shughuli za vyama, na vijana waliokulia katika habari za ugomvi wa wazee walijifunza kuweka kikomo cha miaka ya uongozi kabla hata ya kufungua akaunti. Hakuna anayezungumzia kuunganisha mashamba tena. Wanaunganisha kile kisichowezekana kufanywa na mmoja: kupoza maziwa, kuvuta maji, kukodi lori.

Chama cha awali bado kipo kisheria, na hapo ndipo tulipokwama. Nyumba ya mawe, ambayo sasa ni ofisi ya chifu na darasa la chekechea, chanzo cha maji, na viwanja viwili vya soko vimeandikishwa kwa jina la chama. Ili vihamishwe kwa umma au kwa mradi wa maji, chama kinapaswa kuitisha mkutano mkuu wenye akidi ya memba walio katika daftari, na wengi wa memba hao wamezikwa. Mrithi hawezi kupiga kura mpaka awe ameandikishwa mahali pa marehemu, na hawezi kuandikishwa mpaka mirathi iwe imepita mahakamani, jambo ambalo kaya nyingi zimeliahirisha kwa kuwa hisa ya marehemu ilishagawanywa kwa mdomo kati ya wana, na mabinti wakaachwa nje kinyume na sheria ya urithi inayotumika tangu 1981. Kwa hiyo kiwanja cha soko hakiwezi kuokolewa bila kwanza kufungua swali la mabinti katika kila nyumba, na wapo wanaume wa kijiji hiki ambao wangependelea soko lichukuliwe na mnyakuzi kuliko swali hilo kufunguliwa.

Katika ukoo wetu limefunguliwa. Hisa ya nyanya sasa imeandikwa majina ya wanawe wote walio hai, wa kike na wa kiume, baada ya risiti za mkebe ule kukubaliwa kuwa ushahidi. Kaya nyingine kadhaa zimefuata utaratibu huohuo, na karani wa mradi wa maji amekubali kulinakili daftari zima upya, jina la memba kwa warithi wake, ili ijulikane akidi imebakiza watu wangapi.